Mgeni Aliyekuja na Majivu

Wageni wengi wanaofika Mugumu wamekuja kuona wanyama. Wakishatoka hifadhini, baadhi yao hutaka kuona watu pia, na hapo ndipo naitwa mimi. Nakaa kiti cha mbele, kando ya dereva, nageuka nyuma kuwatazama, na kabla hatujafika kwenye mji wa mtu, yaani boma lake, nakuwa nimeshawaeleza cha kufanya na cha kuacha. Nilizaliwa upande wa Matongo, nikaolewa Mugumu, kwa hiyo barabara ile inayovuka Mto Mara kwenda Nyamongo naijua tangu ilipokuwa njia ya ng'ombe na malori mawili matatu.

Maelezo yangu yana mpangilio. Salamu kwanza, hata kama umekuja kuulizia njia tu. Kwa mkubwa ni shikamoo, na unangoja aitikie ndipo uendelee. Usimuulize mtu ana ng'ombe wangapi wala watoto wangapi, maana hapa anayehesabu mali ya mwenzake anaonekana kumtafutia mkosi. Picha ni baada ya ruhusa. Ukiona mwanamume na mama mkwe wake wanapishana njiani kwa mbali kama wasiojuana, usidhani wamegombana, wanaheshimiana. Baada ya mila naingia kwenye usalama. Kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo usisogee ukingoni, udongo wa juu ni mwepesi. Msimu wa tohara, ukikutana na msafara wa ngoma na mapanga, kaa ndani ya gari na simu iwe mfukoni. Ukisikia yowe la wizi wa ng'ombe, usikimbie na usijifiche. Simama kando ya mwenyeji wako, kwa sababu wanaume watatoka kila mji na silaha, na mgeni anayekimbia peke yake ndiye atakayefukuzwa kwanza. La bodaboda nalisema mwishoni: usipande bila helmeti, hata kama ni kutoka dukani hadi kanisani.

Nilikuwa nimefika kwenye hilo la helmeti siku ninayotaka kuieleza, na mgeni wangu akanikatisha.

Alikuwa mwanamke wa makamo, nywele zimeanza kuwa nyeupe, amekuja peke yake. Tuliongea Kiingereza, chake kilikuwa cha kujifunza ukubwani kama changu, kwa hiyo tulikwenda polepole na tuliambiana mambo bila mapambo. Jana yake, kwenye nyumba ya wageni, alikuwa ameniambia anataka kwenda kijiji fulani ng'ambo ya mto, kwenye shule ya msingi ambako binti yake alifundisha kwa kujitolea. Kabla hajamaliza sentensi nilijua binti yake ni nani. Hakuna mtu kwenye barabara ile asiyejua.

Msichana yule hakukaa kama wazungu wa kupita. Shirika lililomleta lilimpangia kulala nyumbani kwa mzee mmoja Mkurya na mke wake, na yeye akageuka mtoto wa mji ule. Alichota maji. Alipalilia mihogo vibaya, akachekwa, akarudia. Alimwita mama mwenyeji wake "mama", na yule mama, ambaye ni Mjaluo wa Rorya aliyeolewa kwa Wakurya miaka mingi, alimwita nyathina, yaani mtoto wangu kwa lugha ya kwao. Majirani walizoea kumtania: "Mjaluo wetu umezaa lini huyu mweupe, mbona hukutualika?" Naye alikuwa akijibu, "Nilimficha, mngemla kwa macho."

Siku moja msichana alipanda bodaboda kwenda Nyamongo kununua chaki na sabuni. Kwenye kona moja yenye vumbi walikutana na lori. Dereva wa bodaboda alivunjika mguu. Msichana aligonga kichwa. Alipelekwa hospitali, kisha ndugu zake wakatuma ndege ya wagonjwa, wakamchukua. Tuliosikia tulisema huko kwao wana mashine, atapona. Baada ya muda zikaja habari kwamba amefariki.

"Binti yangu alikuwa na helmeti?" mgeni aliuliza.

Nilikuwa nimeshaulizia, si kwa ajili yake, ni tabia yangu tu kutaka kujua jambo lilivyokwenda. Nikamwambia nilichokipata. "Helmeti ilikuwa moja. Alivaa dereva."

"Aliomba apewe?"

"Sijui. Hapa abiria wengi hawaombi."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeweka kitu mahali pake. Halafu akafungua mkoba mkubwa aliokuwa ameupakata tangu Mugumu, akaninyooshea nione ndani. Kulikuwa na chombo cha mbao chenye mfuniko, kimefungwa kwa skafu ya sufu.

"Huyu ndiye," alisema. "Nimemleta."

Kule kwao, alinieleza, mtu akifa mwili wake huchomwa na familia hukabidhiwa majivu. Ni jambo la kawaida na la heshima, linafanywa na watu wenye nguo safi na sauti za chini. Binti yake, katika siku chache ambazo bado alikuwa anaweza kusema, alimwomba jambo moja tu: asimwache pale, amrudishe kwa mama yake wa huku.

"Nilikuwa nimeshika mkono wake," alisema, "naye anaomba apelekwe kwa mama mwingine. Nilikasirika. Nilitoka nje nikalia kwenye korido. Halafu nikarudi nikamwambia, sawa, nitakupeleka. Ndiyo sababu nimekuja. Sina kitu kingine cha kufanya hapa."

Dereva wetu ni mtu mzima, rafiki wa mume wangu, na Kiingereza anakielewa kuliko anavyokubali. Alipunguza mwendo, akaegesha pembeni, akazima gari.

"Shemeji," aliniambia kwa Kiswahili, "mkoba ule una nini?"

"Umesikia."

"Nimesikia ndiyo maana nauliza. Una mtu?"

"Una majivu yake."

"Basi una mtu." Akashusha vioo vyote vinne. "Mngeniambia mapema ningepiga hata ishara ya msalaba kabla ya kuwasha gari."

Nikamweleza mgeni utaratibu, kama ninavyowaeleza wote, isipokuwa safari hii nilikuwa natafuta maneno. Kitu cha msiba hakiingizwi kwenye mji wa mtu kimya kimya. Hata maiti ya mtoto wa nyumbani, ikitoka hospitali, wenye mji huambiwa kwanza, na mahali huonyeshwa na mwenye mji. Kwa hiyo mkoba ungebaki garini. Tungeingia, tungesalimia, tungekaa, na muda ukifika ningemweleza mzee, naye angesema. Aliniuliza kama mzee anaweza kukataa. Nilimwambia mzee yule alimpenda msichana sana. Hilo lilikuwa kweli, nami niliamini kwamba linatosha.

Tulifika kabla ya jua kuwa kali. Watoto wa majirani walituwahi getini. Mgeni wangu, aliyekuwa amejifunza salamu kutoka kwenye simu za binti yake, aliinama mbele ya mtoto wa kama darasa la pili akasema kwa sauti kubwa, "Shikamoo!" Watoto walianguka kwa kicheko. Mwanamke aliyekuwa anaanua mahindi uwanjani akapiga makofi: "Haya, marahaba jamani! Leo tumekuwa wazee bila mvi!" Mgeni naye akacheka bila kujua wanacheka nini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka.

Kisha mama mwenyeji akatoka jikoni.

Hakuuliza huyu ni nani. Msichana alikuwa na pua ya mama yake na mwendo wake, mabega mbele kidogo kama mtu anayepanda mlima. Mama mwenyeji alisimama, akashika kiuno, akatoa sauti ndefu ile wanayolia nayo wanawake wa kwao, na majirani wote wakanyamaza. Akamfikia mgeni, akamshika mabega, akamtikisa, akamkumbatia. Walilia pale uwanjani kati ya mahindi. Mimi nilisimama kando. Hapakuwa na kitu cha kutafsiri.

Alipotulia alimshika mgeni mkono, akaniambia, "Mwanangu, njoo umwambie ninayomwambia," akatuongoza nyuma ya nyumba yake.

Kulikuwa na kaburi, ambalo hata mimi sikuwa nimesikia habari yake. Lilikuwa tuta zuri lililozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, limefagiliwa, na kichwani pameoteshwa maua mekundu yale yanayooteshwa kwenye makopo. Kwenye msalaba wa mbao kulikuwa na jina la Kikurya ambalo mji ule ulimpa msichana, na chini yake jina lake la kwao, limeandikwa kama linavyotamkwa hapa.

Mgeni alisoma. Akanigeukia. "Nani yuko humu?"

Mama mwenyeji alijibu, nami nikatafsiri kipande kwa kipande, na kila kipande kilikuwa kizito kuliko kilichotangulia.

Mwalimu mkuu ndiye aliyeleta habari. Alipigiwa simu na shirika, akaja jioni na walimu wenzake, akasema binti amefariki na mwili umechomwa. Mama mwenyeji aliuliza, moto gani? Walimu, wageni wa mkoa huu kama walivyo wengi, hawakujua kueleza zaidi. Walisema umechomwa, yamebaki majivu. Aliuliza kama hata mfupa mmoja utaletwa. Wakasema hapana, hakuna kitu kitakacholetwa. Usiku ule hakulala. Kwa watu wa hapa, mtu aliyeungua akaisha ni sawa na aliyepotelea ziwani au aliyeliwa na simba: ni mtu aliyenyimwa mahali. Hakuna anayechoma mtu wake kwa hiari, kwa hiyo alielewa jambo moja tu, kwamba moto ulimnyang'anya mtoto na ndugu zake huko hawana cha kuzika.

"Kwetu Rorya," alisema, "mtu akichukuliwa na maji asionekane, hatumwachi atangetange. Tunatafuta tunda la mwegea."

Ilinibidi nimweleze mgeni mwegea ni mti gani. Alikuwa ameuona hifadhini, nyani wakiwa juu yake, na yale matunda marefu mazito yakining'inia kwa kamba zake.

"Nilikwenda mwenyewe kulichuma, kule korongoni," mama mwenyeji aliendelea. "Nilichagua refu. Nikalivika gauni lake la maua alilokuwa ameacha kwenye kamba. Tukalilaza ndani, tukalilia kama mtu. Wanafunzi wote walikuja. Padre alikataa kuja, akamtuma katekista, naye akasali. Mzee alinyoa nywele, alichinja. Mwambie mtoto wake hakutupwa. Mwambie aliliwa na moto lakini sisi tulimlaza."

Nilitafsiri. Mgeni alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya tuta, akakaa hivyo. Nilimwona akijaribu kuelewa, na nilimwona alipoelewa, kwa sababu uso wake uling'aa.

"Mwambie hakuliwa na moto," alisema. "Mwambie yupo. Mwambie nimemleta, yuko kwenye gari, na sasa tunaweza kumlaza pamoja na lile gauni."

Sikumtafsiria hilo papo hapo. Nilimwambia mama mwenyeji kwamba mgeni ana neno, na neno lenyewe ni la kusemwa mbele ya mzee. Alinitazama usoni, akaenda kumwita.

Mzee alitupokea chini ya kibanda cha bati mbele ya nyumba yake. Nilimwamkia, mgeni naye akamwamkia, safari hii shikamoo ikampata mwenyewe, naye akaitikia kwa furaha. Chai ililetwa na viazi vitamu vya kuchemsha. Alimwambia mgeni kwamba binti yake alikuwa mbishi, tena mvivu wa kuamka, na kwamba mbuzi wote walikuwa wanamfuata kwa sababu aliwapa maganda kwa siri. Mgeni alicheka tena. Kisha nikasema nililotumwa.

Nilisema lote, kwa mpangilio, bila kuongeza: kwamba kule kwao kuchoma ni namna yao ya kuzika, haikuwa ajali, kwamba majivu alikabidhiwa mama, kwamba msichana mwenyewe, kwa kinywa chake, aliomba kurudishwa hapa, kwamba majivu yako garini.

Mama mwenyeji aliinuka nusu, akakaa tena. Mzee aliweka kikombe chini.

"Hayo majivu ni yake mwenyewe?" aliuliza. "Hayakuchanganyika na ya mtu mwingine?"

Nikamuuliza mgeni. "Ni yake peke yake."

"Walimchoma wenyewe. Ndugu zake."

"Ndiyo, mzee. Kwao ni heshima."

"Sikatai. Kila watu na kwao." Alijipapasa kichwa. "Binti, mimi nimeshamzika mtoto huyu. Nimemchimbia, nimenyoa, nimechinja, nimeanua matanga. Kaburi lile limefungwa. Nikilifungua leo, nitakuwa namwita nani aje kulala humo? Nina wajukuu hapa."

"Pengine si lazima kulifungua, mzee. Pengine pembeni yake."

"Mtu mmoja makaburi mawili? Halafu alale lipi?"

Mama mwenyeji hakuvumilia. "Mzee, mtoto mwenyewe amekuja! Tulizika tunda kwa sababu hatukuwa naye."

"Tulimzika yeye," mzee alisema. Hakupandisha sauti, alimgeukia kama anamkumbusha jambo la ndani ya nyumba yao. "Mimi nilikukatalia. Nilikwambia hiyo ni mila ya kwenu, sisi hatuijui. Ukanibembeleza wiki nzima. Ukaniambia, likishalazwa si tunda tena, ni yeye, na akishalala ndio basi, hafufuliwi. Ni wewe uliyesema, mama. Mimi nikaamini. Nikamlilia. Sasa unataka niseme nini, kwamba nililia tunda?"

Mama mwenyeji aliinamisha kichwa. Alijua mzee anasema kweli, kwa sababu kweli ile ilikuwa yake, alikuja nayo kutoka Rorya, akaitoa kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Kama angempenda yule msichana kidogo tu, angekaa, angengoja, na pale nyuma ya nyumba pangekuwa na nafasi.

"Anasema nini?" mgeni aliniuliza. "Mbona mnanyamaza? Anasema nini?"

Nikamwambia. Nilijaribu kumweleza kwamba si ukatili, kwamba mzee anaogopea wajukuu wake, na kwamba kwake yeye binti yuko pale tayari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba kidogo zaidi: kama hawezi kumlaza, basi amnyunyize tu juu ya tuta, kiganja kimoja.

Nilipomweleza mzee, alitazama uwanjani. Kuku walikuwa wanachakura kwenye mahindi. "Nimmwage mtoto chini kama jivu la jikoni?" alisema. "Wale waje wamchakure?" Hakuwa anadhihaki. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Mgeni alitaja mto. Nikamwambia mwenyewe, bila kumsumbua mzee, kwamba watu wa vijiji vya chini wanakunywa maji yale, na habari ikitembea kwamba kuna mtu amemwagwa mle, haitakuwa salama kwake wala kwangu. Alitikisa kichwa. Hakuomba tena.

Mzee aliinuka, akavua kofia. Alimwambia mgeni kaburi lile ni lake, aje wakati wowote, asibishe hodi. Alimwambia pole kwa Kikurya, kwa Kiswahili, na kwa neno moja la Kiingereza alilokuwa amefundishwa na msichana. Hakukuwa na mtu wa kumkasirikia pale. Nadhani hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Kwenye kazi hii nimeshuhudia ugomvi wa wageni na wenyeji mara nyingi, na ugomvi una mwisho. Mmoja anaomba radhi, mwingine anapokea. Pale hapakuwa na wa kuomba radhi.

Mama mwenyeji aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mimi naruhusiwa kumwona?"

Nilimtazama mzee. Alisema, "Huko nje ya mji ni barabara ya watu wote."

Tukatoka. Dereva alikuwa amekaa kwenye jiwe mbali na gari, milango yote iko wazi. Alipotuona alisimama, akamsogezea mama mwenyeji mlango wa nyuma, ingawa ulikuwa wazi tayari. Mama mwenyeji aliingia akakaa. Mgeni akaingia upande wa pili, akafungua mkoba, akatoa chombo, akamwekea mapajani.

Mama mwenyeji alikishika kama mtu anavyomshika mtoto aliyelala. Akakipima mkononi, akakunja uso.

"Mbona mwepesi hivi?" aliuliza. "Huyu alinivunjia kigoda!"

Nikatafsiri. Mgeni akaangua kicheko, akasema kwamba hata nyumbani alivunja kitanda, alikuwa anaruka juu yake mpaka akawa mkubwa. Nikatafsiri. Mama mwenyeji akasema na chungu cha maji pia, na hakukiri, alisema ni mbuzi. Nikatafsiri. Wakawa wanacheka, mmoja anaanza kabla mwenzake hajamaliza, na mimi nikawa siwezi kufuatana nao, nikaacha. Hawakugundua kwamba nimeacha. Kicheko kikageuka kilio, na hawakuwa na nguvu ya kukizuia.

Hapa kwetu mgeni haachwi aondoke mwenyewe. Unamsindikiza, unatembea naye kipande cha njia, na kadiri unavyompenda ndivyo unavyochelewa kurudi. Mama mwenyeji alikataa kushuka. Alisema atasindikiza. Alikwenda na sisi mpaka kwenye njia panda ya barabara kubwa, chombo kikiwa mapajani, akikiimbia kitu kwa Kijaluo, polepole, kama anayembembeleza mtoto alale. Mgeni alikuwa ameegemeza kichwa begani kwake.

Njia panda dereva alisimama. Mama mwenyeji alimrudishia mwenzake chombo, akashuka, akasimama kando ya barabara huku malori ya mgodi yakimpita na kumfunika vumbi. Hakupunga mkono. Tulipokata kona nilimwona bado amesimama, anatazama upande tuliokwenda.

Mgeni hakukipakata tena chombo. Alikirudisha kwenye mkoba, akauweka kwenye kiti alichokuwa amekaa mama mwenyeji, akavuta mkanda wa kiti, akaufunga juu yake. Dereva aliona kwenye kioo. Akapunguza mwendo, na mpaka Mugumu hakulipita gari hata moja.

Getini pa nyumba ya wageni mgeni aliniuliza, "Sasa nimpeleke wapi?" Nimezoea kuulizwa na wageni. Najua basi la Musoma linaondoka saa ngapi, najua maji gani yanywewe na barabara gani iepukwe mvua zikinyesha. Nilimshika mkono tu. Kesho yake asubuhi aliondoka.

Sijasikia habari zake tangu hapo. Sijui kama amempata binti yake mahali, au kama mkoba bado uko kwenye chumba fulani huko kwenye baridi.

Barabara ile bado napita na wageni. Nikiwa na nafasi nasimama kwenye mji ule kumwamkia mzee na mama. Mara zote mama hunivuta pembeni kabla sijakaa.

"Mwanangu, yule mtoto amefikishwa wapi?"

"Bado sijasikia, mama."

Hutikisa kichwa. Mara ya mwisho nilimkuta nyuma ya nyumba, ameshika ufagio, anafagia pembeni ya yale mawe ya chokaa. Maua mekundu yalikuwa yamekauka. Nilimsifu kwamba pako safi. Aliendelea kufagia, hakunitazama.

"Nafagia," alisema, "lakini siku hizi sijui namfagilia nani."